Kabla Hamjatutoza Ada ya KBC

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Mawasiliano, Habari na Ubunifu,
Bunge la Taifa,
Nairobi.

KUH: ADA YA LAZIMA YA KUGHARAMIA UTANGAZAJI WA UMMA

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa redio na runinga hapa Mtopanga, Kisauni, nami nawaandikia kuhusu wazo ambalo halitaki kufa: kwamba kila nyumba yenye redio au runinga ilipe ada ya lazima, ili Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, lipate pesa za kujiendesha. Kila madeni ya KBC yanapotajwa hadharani, wazo hili hufufuliwa, na wanaolitetea hulipamba kwa mfano wa BBC. Likija kwa dhati litapitia mikononi mwenu kabla ya kufika mifukoni mwetu, kwa kuwa Kifungu cha 210 cha Katiba hakiruhusu kodi wala ada ya leseni itozwe pasipo sheria. Ndiyo maana nawaandikia mapema, tena hadharani.

Msimamo wangu ni huu. Naipinga ada hiyo, na siipingi kwa sababu KBC haina faida. Naipinga kwa sababu Wakenya tuliwahi kulipia redio ya taifa, na malipo yale hayakutupa usemi wowote juu yake. Kabla ya kuniomba pesa tena, nionyesheni ni nini kitakuwa tofauti safari hii.

Nikiri kwamba nina maslahi. Watu wakianza kutozwa kwa kuwa na runinga, wengi hawataileta kwa fundi tena. Ikiharibika wataiacha ife. Basi nisomeni mkijua hilo.

Nianze na sifa, maana sitaki mdhani ni hasira tu. Ukipanda matatu kutoka hapa kwenda mjini, kabla hujalifikia daraja la Nyali unapita Freretown, mtaa uliozaliwa karne ya 19 kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Huko ndiko alikozaliwa Leonard Mambo Mbotela mwaka 1940. Babake, James Mbotela, aliandika Uhuru wa Watumwa. Mtoto naye akaingia redioni, na kuanzia 1966 akatuuliza kila wiki, kwa zaidi ya nusu karne, kama tulichokifanya ni ungwana. Alipofariki Februari 2025, watu wa rika langu walimlilia mtangazaji kama anavyoliliwa mjomba. Hakuna tangazo la biashara lililomlea mtu yule. Alilelewa na redio ya umma, na Kiswahili alichokipeleka hadi Turkana na Mandera kilikuwa Kiswahili cha pwani hii.

Hata kabla ya uhuru, pwani ilikuwa na kituo chake, Sauti ya Mvita, kikitangazia Mombasa. Leo tuna Pwani FM, mtoto wa KBC. Sizisahau redio binafsi. Ziko Radio Rahma, Radio Salaam, Baraka FM, Pilipili, Radio Kaya, na nyingine kadha, na baadhi zinafanya kazi nzuri kuliko ya serikali. Lakini redio inayoishi kwa matangazo ya biashara lazima imfuate mwenye matangazo, na kwa muda mrefu mwenye matangazo mkubwa amekuwa kampuni ya kamari. Mambo yalipozidi, mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo hayo yote kwa siku 30. Fikirini hali ya vijana wetu ilikuwa imefika wapi hadi serikali ikalazimika kufunga bomba lote kwa mwezi mzima.

Na si kamari peke yake. Kabla ya ule msiba wa Shakahola, uliofukuliwa mwaka 2023 na kutoa maiti zaidi ya 400 katika msitu wa jirani zetu wa Kilifi, mhubiri anayehusishwa nao, Paul Mackenzie, alikuwa na kituo chake cha runinga, Times TV. Mahubiri yake yaliingia majumbani kwa njia ile ile ya hewa inayoingiza taarifa ya habari. Pwani ilihitaji chombo kinachosikilizwa na kuaminiwa, chenye waandishi wa kwenda mpaka Malindi na kuuliza watoto wa shule wameenda wapi. Kazi ya namna hiyo haina mfadhili. Vivyo hivyo Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Afrika Mashariki na idara ya hali ya hewa ikatoa tahadhari: mvuvi wa Shanzu anayetaka kujua kama atashusha ngalawa alfajiri hatafuti kipindi kilichodhaminiwa na mtu. Anataka taarifa, kwa Kiswahili, saa kumi na moja za asubuhi.

Kwa hiyo utangazaji wa umma tunauhitaji, na lazima ulipiwe. Hapo mimi nanyi tuko pamoja. Tunaachana kwenye nani alipe, kwa njia gani, na anapata nini akishalipa.

Turudi nyuma. Julai 1964 serikali mpya iliifanya redio kuwa Sauti ya Kenya, VoK, chini ya wizara moja kwa moja. Mwaka 1989 ikarudi kuwa shirika, KBC, kwa sheria ambayo ilisemekana ingelipatia nafasi ya kupumua. Katika miaka hiyo Mkenya alitakiwa awe na kibali cha redio na cha runinga, na wazee wa mtaani kwangu bado wanasimulia jinsi redio zilivyofunikwa kanga mkaguzi aliposikika anakuja. Kibali kilikuwa ni ada ya lazima, kile kile mnachotaka kuturudishia. Je, aliyekilipa alipata nini? Taarifa ya habari ilianza kwa Mtukufu Rais, ikaendelea kwa Mtukufu Rais, na hali ya hewa ikapata dakika zilizobaki.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi walimtoa Mbotela nyumbani kwake wakampeleka studio atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye siku hiyo hiyo, jeshi lililokuwa na serikali likiwa limeshika kituo, sauti ile ile ikatangaza kwamba serikali ipo. Watu huikumbuka siku ile kwa ujasiri wa Mambo, na ni haki yake. Mimi hukumbuka kitu kingine: waasi walijua pa kwenda kwanza. Nchi nzima ilikuwa na mdomo mmoja, na aliyeushika mdomo huo alikuwa ameshika nusu ya dola. Vibali vya redio havikuubadilisha ukweli huo hata kidogo.

Mtasema hayo ni ya zamani, kabla ya vyama vingi na kabla ya Katiba ya 2010. Basi tuje karibu. Tarehe 30 Desemba 2007, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alitangaza matokeo ya urais mbele ya kamera za KBC peke yake, wanahabari wengine wakiwa wameondolewa. Tarehe 30 Januari 2018, siku ya kiapo cha Raila Odinga pale Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa, KBC ikaendelea kupeperusha kana kwamba Nairobi hakuna kitu. Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na NTV na KTN zikakatwa hewani hadi mahakama ilipoingilia. Katika siku zote hizo, mwananchi aliyetaka kujua yanayotokea nchini mwake alitazama wapi? Msijibu kwa adabu. Hata ndani ya kamati yenu yumo John Kiarie, ambaye nchi ilimjua kupitia Redykyulass, kundi la vijana waliothubutu kumwigiza rais na kumcheka. Hawakuyafanyia KBC.

Na hapa kuna jambo ambalo kwa haki yake lazima niliseme, ingawa linawapa nguvu wanaotaka ada. Siku hizo zote za giza, watu wa pwani waliitegea BBC. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, na hadi 2014 gharama za Idhaa ya Dunia zilibebwa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Mwaka huo zikahamishiwa kwenye ada ya leseni ya runinga. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa mama fulani wa Manchester, ambaye hajui Mtopanga iko wapi, alikuwa akilazimishwa na sheria kunilipia mimi taarifa ya jioni. Ada ya lazima imenifaa. Siwezi kusimama hapa niseme ni wizi.

Lakini itazameni vizuri ile ya Uingereza kabla ya kuinakili. Walianza mwaka 1922 kwa shilingi 10 za redio. Ya runinga ikaja 1946 kwa pauni 2. Aprili 2025 ilikuwa imefika pauni 174.50. Asiyelipa hushtakiwa kwa jinai, na takribani robo tatu ya wanaopatikana na hatia ni wanawake, kwa sababu mkaguzi anapobisha hodi mchana, anayefungua mlango ni mama wa nyumba. Pamoja na ukwasi wao wote, Waingereza wenyewe sasa wanajadili kama mfumo huo uendelee mkataba wa BBC utakapomalizika mwisho wa 2027. Ufaransa ilifuta ada yake mwaka 2022. Norway na Sweden nazo zimeiacha. Sweden hukata asilimia moja ya kipato, kwa kiwango kisichozidi kikomo, na Finland hufanya vivyo hivyo kwa namna yake, mwenye kipato kidogo akisamehewa. Wenye mfumo wameanza kuuvua, nasi ndio tunaushona.

Karibu na kwetu, mambo ni ya kufundisha zaidi. Afrika Kusini inatoza randi 265 kwa mwaka, na walio wengi kabisa hawalipi. SABC imewabembeleza kwa matangazo, imewatisha kwa mawakili, na bado. Ghana iliifufua ada yake mwaka 2015, na Januari 2018 ikatangaza mahakama maalumu za kuwashughulikia wasiolipa. Wananchi walipiga kelele hadi mpango ukasimamishwa. Fikirini nchi yenye kesi za ardhi zilizolala miaka 20 ikitafuta mahakimu wa kesi za runinga. Kisauni tunazo kesi hizo za ardhi tele. Naomba mahakimu wetu waachwe nazo.

Najua kuna njia ambayo wataalamu wenu watawanong'onezea, kwa kuwa ndiyo iliyofaulu kwingine: itie kwenye bili ya stima. Italia ilifanya hivyo mwaka 2016 na ukwepaji ukaporomoka. Mauritius nayo imewahi kukusanya hivyo. Pakistan ilikusanya rupia 35 kwa miaka mingi kwa bili ya umeme kabla ya kuziondoa mwaka 2025. Kwa mkusanyaji ni tamu: hakuna mkaguzi, hakuna mahakama, hakuna pa kujificha.

Basi njooni Mtopanga mwone tokeni inavyonunuliwa. Nyumba nyingi hapa ni za vyumba sita au vinane, ukumbi katikati, mita moja ukutani. Wapangaji huchanga, huyu hamsini, yule mia, mwenye friji huongeza na ugomvi haukosi. Tokeni ikiingia kwenye simu, ujumbe wake una orodha ndefu: kodi ya ongezeko la thamani asilimia 16, gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, ada ya mdhibiti wa kawi, EPRA, ada ya maji, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini. Kinachobaki ndicho stima. Sasa ongezeni ada ya KBC, tuseme shilingi 100 kwa mwezi. Bangaloo la Nyali lenye runinga katika kila chumba, mita moja, shilingi 100. Nyumba ya vyumba vinane Mtopanga, mita moja, shilingi 100, ila hapo mnatoza familia nane zinazoishi kwa kibarua, na mwenye nyumba atawagawia anavyotaka yeye. Mkiamua kutoza kila familia, mtalazimika kurudisha mkaguzi wa kubisha hodi. Na jirani yangu anayetumia kibatari na sola ya kukopa, mwenye redio ndogo ya betri, ambaye KBC ni yake kuliko mtu mwingine yeyote kwa kuwa hana kingine, hatalipa chochote. Sijui mtaiita nini hesabu hiyo, lakini haki si jina lake.

Halafu kuna swali la kifundi, na hili ni la kwangu hasa. Chombo cha kupokelea matangazo ni kipi? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Kilikuwa sanduku la mbao lenye antena. Leo simu ya kabambe ya bei ya chini kabisa ina redio ya FM ndani. Waya wa kusikilizia ndio antena yake. Sabufa zinazouzwa Kongowea zina FM. Tuktuk ina redio. Mpira hutazamwa kwenye simu kwa bando, na runinga niliyoitengeneza juzi imegeuzwa kioo cha kuchezea filamu za kwenye flashi. King'amuzi chake kimekufa tangu mwaka juzi na mwenyewe hana haja nacho. Mkisema kila chenye kupokea matangazo kilipiwe, mmemtoza kila mwenye simu. Mkisema runinga tu, mmemwacha msikilizaji wa redio anayetumikiwa na Pwani FM na Radio Taifa, mkamtoza mtazama filamu. Na wimbi la FM halina kufuli. Huwezi kulizima kwa asiyelipa bila kulizima kwa wote.

Tena wananchi hawajasahau kuhama kutoka analogia mwaka 2015. Tuliambiwa picha zitakuwa safi na chaneli nyingi, na ni kweli zilikuja. Lakini gharama ya king'amuzi ilitoka mfukoni mwetu, si mwa Signet, kampuni ya KBC ya kusambaza mawimbi, wala mwa serikali. Nyumba kadha hapa zilikaa miezi bila picha. Kila badiliko la utangazaji katika nchi hii limepitia kwa mtazamaji kwanza.

Nifike kwenye lile ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. KBC ina deni la mkopo wa Japani wa mwaka 1989, uliochukuliwa kununulia mitambo. Riba na adhabu zimelipandisha hadi makumi ya mabilioni ya shilingi, na kila mwaka linajitokeza kwenye hesabu za shirika likionyesha kwamba, kwa vitabu, shirika limefilisika. Mitambo yenyewe ilishapitwa na wakati. Mingine hata vipuri vyake havipatikani. Sasa nieleweni. Mkianzisha ada leo bila kulimaliza deni hilo, shilingi 100 ya mama muuza mahamri haitaenda kwenye kipindi cha watoto wala kumtuma mwandishi Lamu. Itaingia kwenye shimo lililochimbwa kabla wengi wa wasikilizaji wa leo hawajazaliwa. Serikali ndiyo iliyosimamia mkopo ule na ndiyo iliyouacha uvimbe. Iuchukue kwenye vitabu vyake, iufute kwa KBC, ndipo tuzungumze juu ya pesa mpya.

Pesa hizo mpya zitoke wapi? Mkitaka rai ya fundi, ninayo. Kila kampuni yenye leseni ya mawasiliano hutoa asilimia 0.5 ya mapato yake ya mwaka kwenye Mfuko wa Huduma kwa Wote unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Pesa hizo asili yake ni sisi, kwa salio na bando tunazonunua. Juu yake tunalipa ushuru wa asilimia 15 kwenye kila salio. Kwa hiyo mwananchi wa Mtopanga tayari analipia hewa kila anapokwaruza kadi au kununua bando. Aliye na simu nzito hulipa zaidi, aliye na kabambe hulipa kidogo. Hiyo tayari ni ada, tena yenye haki kuliko ya runinga. Rekebisheni sheria, sehemu iliyotajwa kwa asilimia iende kwa utangazaji wa umma. Hamhitaji mkaguzi hata mmoja.

Najua jibu la watetezi wa ada: pesa zikipitia serikalini, serikali itaifinya redio inayoikosoa. Ni hoja nzito, na ndiyo pekee inayonikosesha usingizi. Machi 2024 tuliona upande wake wa pili, wizara ya habari ilipoagiza matangazo yote ya serikali ya redio na runinga yapelekwe KBC peke yake, jambo likafika mahakamani. Anayeweza kukupa biashara yote kwa barua moja anaweza kukunyang'anya kwa barua nyingine. Lakini Katiba yetu inajua namna ya kuzuia hilo inapotaka. Kifungu cha 173 kiliiundia Mahakama mfuko wake, pesa zake zikitoka Mfuko Mkuu wa Serikali moja kwa moja, ili jaji asimbembeleze waziri. Mahakama bado inalalamika kupunjwa, najua. Hata hivyo inalalamika ikiwa na kifungu mkononi. Ipeni KBC kifungu kama hicho katika sheria: asilimia maalumu, ya miaka mitano mitano, isiyoguswa na bajeti ya ziada.

Na hata pesa zikipangwa vizuri hivyo, bado si mwisho. Kwa sheria ya KBC, mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais na wajumbe huteuliwa na Waziri. Hapo ndipo uhuru ulipofungwa. Mlipaji wa ada katika mpango huo ni kama mpangaji anayelipa kodi ya nyumba bila mkataba: pesa zake zinapokewa, lakini rangi ya ukuta si yake kuchagua. Kifungu cha 34(4) kinasema vyombo vya habari vya serikali viamue vyenyewe maudhui yao kwa uhuru, visipendelee, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni tofauti na ya upinzani. Yameandikwa hivyo tangu 2010. Hakuna waziri aliyesoma kifungu hicho akaona kinamzuia kumteua amtakaye. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ina jopo la uteuzi linalotokana na wanahabari, wanasheria na makundi mengine. Chukueni mfano huo wa nyumbani, majina yatangazwe, usaili uwe hadharani, na mjumbe wa bodi asifutwe ila kwa sababu iliyoandikwa. Bunge nalo lisijipe viti humo. Samahani kwa kusema hivyo mbele yenu, lakini mwanasiasa wa upande wowote akipewa redio, huisikiliza kwa sikio la kampeni.

Mkiyafanya hayo mawili, deni na bodi, mimi nitakuwa wa kwanza mtaani kuwatetea mkija na mchango wa kila raia kulingana na kipato. Wala sitauliza kama ni lazima.

Mna haki ya kuniuliza ningeitarajia KBC ifanye nini kwa pesa hizo huku pwani. Nitataja machache. Pwani FM ipewe bajeti yake inayojulikana, isisubiri makombo ya Nairobi, na iwe na waandishi Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Mijadala ya Bunge la Kaunti ya Mombasa ipeperushwe moja kwa moja. Tunamjua mwakilishi wa wadi kwa mabango tu, hatujui alisema nini siku ya bajeti. Mtu atueleze, kwa subira na kwa takwimu, kwa nini mifereji ya Kisauni ni mikavu wakati maji ya Mzima na Baricho yanatajwa katika kila ilani ya uchaguzi. Na zile kanda za zamani, nyimbo za Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma, mahojiano na washairi, zote zilizorekodiwa kwa pesa za umma: zihifadhiwe kidijitali na zifunguliwe kwa watu. Nimezishika kanda za aina hiyo kazini. Zikilala kwenye joto na chumvi ya pwani, utepe hunata, na ukiulazimisha kucheza huacha sauti yake kwenye kichwa cha mashine. Hilo haliwezi kusubiri sheria mpya.

Ombi langu la mwisho ni la utaratibu. Mkifika wakati wa kukusanya maoni ya umma kama Kifungu cha 118 kinavyotaka, msitosheke na tangazo la Kiingereza gazetini na anwani ya Karani wa Bunge. Fanyeni kikao Kisauni, jioni, watu wakishatoka kazini, kwa Kiswahili, na Pwani FM ikipeperushe chote bila kukatwa. Mje na hesabu za KBC za miaka mitano iliyopita, pamoja na mkataba wa ule mkopo wa Japani, maana swali la kwanza litakuwa juu yake. Viti tutaazima. Spika na maikrofoni nitaleta mimi.

Wenu mwaminifu,
Fundi wa redio na runinga,
Mtopanga, Kisauni,
Mombasa.